UZI: Pesa ya dharura ilinitoa Garsen, lakini haikulipa kodi ya ofisi

1/
Wadau, mjadala umerudi tena. Siasa ikianza kupamba moto tu, mmoja anapanda jukwaani anasema vikundi vya haki ni vibaraka wa wazungu, kazi yao ni kula pesa na kuchochea wananchi. Mwingine anajibu kwamba bila hivyo vikundi nchi ingekuwa imekwisha zamani. Wote wawili wanapigiwa makofi. Mimi ni mtu wa Garsen, ni katibu wa kikundi kidogo huko, na hiyo pesa ya dharura imewahi kuniokoa mimi mwenyewe. Kwa hivyo wacha niwaeleze historia kama tunavyoijua sisi wa Tana. Kanuni ya uzi mnaijua: sitaji mwanasiasa, sitaji chama.

2/
Tuelewane kwa maneno kwanza. Nikisema kikundi cha kiraia sina maana ya ofisi za ghorofani Nairobi peke yake. Nina maana pia ya kina mama wa soko wanaopatanisha majirani, na vijana wanaoandika nani kapigwa na nani kapotea. Msaada wa dharura ni ule unaokuja hatari ikishabisha hodi: wakili, hospitali, nauli ya kukutoa, mahali pa kulala. Msaada wa muda mrefu ni ule unaokufanya uendelee kuwepo: kodi ya chumba, posho ya karani, mafuta ya pikipiki, mafunzo, kabati la kufungia karatasi.

3/
Kwa asiyeijua Tana River: mto wetu unatoka huko Mlima Kenya na Nyandarua, unasafiri karibu kilomita 1,000, unaingia baharini Kipini. Garsen ni mji wa njia. Ukitoka Malindi unafika Minjila, ambapo barabara ya Lamu inakata, halafu Garsen, halafu unaendelea Hola na Garissa. Kingo za mto wamelima Wapokomo toka enzi za mababu. Waorma na Wardei ni wafugaji, kiangazi kikikaza wanateremka na mifugo kutafuta maji. Njia za mifugo kuufikia mto tunaziita malka. Ukijua malka iko wapi na nani kaifunga, nusu ya siasa ya Tana umeshaielewa.

4/
Sasa historia. Tuanzie Hola, makao makuu ya kaunti yetu. Wakati wa Hali ya Hatari, Mwingereza alikuwa na kambi ya kizuizini pale. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliohusishwa na Mau Mau walipigwa na walinzi mpaka wakafa, katika mpango wa kuwalazimisha kufanya kazi waliyoikataa. Taarifa ya kwanza iliyotolewa ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Soma tena hapo. Watu 11 wamepigwa marungu, karatasi ya serikali inasema maji.

5/
Uongo huo ulivunjwa vipi? Daktari aliyepima maiti aliandika alichokiona. Hakimu akafanya uchunguzi, ikabainika walikufa kwa kipigo. Na kwa miaka kabla ya hapo, wafungwa wa kambi mbalimbali walikuwa wakitorosha barua kwenda kwa wabunge na mawakili Uingereza, kwa hivyo kulikuwa na watu kule waliokuwa tayari kuuliza maswali. Julai 1959 Bunge la Uingereza likajadili Hola. Hiyo ndiyo dharura ya zamani: barua, daktari mkweli na mtu wa mbali wa kupaza sauti.

6/
Halafu ikafuata nini? Kimya. Sheria iliyoipiga marufuku Mau Mau haikuondolewa wakati wa uhuru. Iliondolewa mwaka 2003. Yaani miaka 40 ya bendera yetu wenyewe, mzee aliyevunjwa mbavu kizuizini alikuwa bado, kwa mujibu wa sheria, mtu wa kundi haramu. Huwezi kusajili chama cha watu ambao sheria inasema ni haramu. Na bila chama, nani aweke orodha ya majina? Nani ajue mzee fulani bado yu hai na anakumbuka?

7/
Baada ya 2003 wazee waliweza kujisajili. Kenya Human Rights Commission, shirika la kiraia lililoanzishwa 1992 (msilichanganye na tume ya serikali), likakaa nao kukusanya ushahidi kijiji kwa kijiji. Mwaka 2009 wazee wachache wakafungua kesi London, na mmoja wao alikuwa amenusurika siku ile ya Hola. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ikatangaza kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228, ikasema inajutia yaliyotokea.

8/
Piga hesabu: kutoka kipigo cha Hola hadi malipo ni miaka 54. Hakuna mfuko wa dharura duniani unaodumu miaka 54. Walioshinda kesi ile walishinda kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa na jambo lile mwaka baada ya mwaka, wakati halikuwa habari na hakuna kamera. Hii ndiyo maana ya msaada wa muda mrefu. Weka hapo, tutairudia.

9/
Tuje karibu. Mwisho wa 2000 kuingia 2001, Tana ilichinjana. Mpango wa kupima ardhi na kugawa hati ulikuwa umeanza. Mkulima akaona hatimaye atapata karatasi ya shamba lake. Mfugaji akaona malka zinafungwa na mifugo itakufa kwa kiu hatua chache kutoka mtoni. Kila mmoja kwa upande wake alikuwa na haki ya kuogopa. Zaidi ya watu 100 waliuawa. Mimi nilikuwa chekechea. Ninachokumbuka ni mama kutulaza na viatu miguuni.

10/
Baada ya damu, misaada ilikuja. Mahindi, blanketi, mikutano ya amani. Kwetu wazee wanasimulia kwamba kamati ya amani iliundwa, Gasa ya Wapokomo na Matadheda ya Waorma wakakaa pamoja, wakapanga malka zipi zibaki wazi. Mwaka wa kwanza kulikuwa na nauli na chai. Mwaka wa pili kulikuwa na chai. Kufikia mwaka wa tatu, mzee mmoja aliniambia, "Tulibaki na kofia zilizoandikwa amani." Hakuna aliyetangaza kwamba kamati imekufa. Ilikufa tu kwa sababu hakukuwa na vita.

11/
Halafu 2012. Nilikuwa kidato cha tatu. Tarehe 22 Agosti watu zaidi ya 50 waliuawa kijiji cha Riketa, wengi wao kina mama na watoto. Septemba ikaja Chamwanamuma, halafu tarehe 10 Septemba Kilelengwani, watu 38, wakiwemo askari polisi 9. Kafyu ikawekwa. Tarehe 21 Desemba ikawa Kipao, na watu wapatao 40 wakafa. Maelfu wakahama makwao. Walioua na waliouawa walikuwa wakiuziana maziwa na ndizi soko moja la Garsen.

12/
Safari hii dharura ilikuja kwa nguvu zaidi. Msalaba Mwekundu walikuwepo, mahema yalisimama, tume ya uchunguzi ikaundwa. Sidharau hata kidogo. Bila hema na maji wengine tusingekuwepo kuandika uzi. Lakini jiulize swali moja: kati ya 2001 na 2012, nani alikuwa akilipwa hata nauli ya kwenda kuuliza malka ipi imefungwa mwezi huu? Miaka 11. Gharama ya hema moja ingemtembeza mzee mmoja kwa pikipiki miaka mingapi?

13/
Mtu atasema mambo haya ni ya asili, huwezi kuyazuia. Angalia Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilikuwa zinauana kule. Kina mama wakaanzia sokoni: hakikisha kila mtu anaruhusiwa kununua na kuuza bila kuulizwa ukoo. Wakaingia kwa wazee, kwa vijana, kwa maofisa. Mwaka 1995 ikawa kamati rasmi ya amani na maendeleo ya Wajir, na baadaye serikali ikaichukua kama mfano wa wilaya nyingine. Walianza bila ofisi, ni kweli. Lakini walikutana hata wakati hakuna moto, na waliungwa mkono kwa miaka. Hapo ndipo sisi tulipoanguka.

14/
Na si damu peke yake. Mwaka 2008 delta yetu ilitamaniwa na kila mtu. Kulikuwa na mradi wa hekta 20,000 za miwa wa TARDA na kampuni ya sukari, na mazungumzo ya kuipa Qatar hekta 40,000 ilime chakula chake. Hapo kati kuna mashamba, malisho, maziwa ya samaki, misitu na mamia ya aina za ndege. Wenyeji, wakulima na wafugaji pamoja, wakisaidiwa na mashirika ya mazingira na haki, walikwenda mahakamani 2010.

15/
Februari 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ya delta itengenezwe kwa kuwashirikisha wanaoishi humo. Ona tarehe: ni miezi ileile ya mauaji. Watu waliokuwa wakizikana walikuwa pia na kesi moja ya pamoja. Mwaka 2012 delta iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na 2015 mpango wa matumizi ya ardhi ukazinduliwa. Kesi ya miaka mitatu, mpango wa miaka mingine miwili. Hiyo haifanywi na pesa ya wiki sita.

16/
Sasa tuje kwa hatari ya aina nyingine, ile isiyoonekana kwa macho. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa. Nchi nzima ililia. Siku chache baadaye orodha ikatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, majina 86 ya watu na mashirika yanayoshukiwa kuhusiana na ugaidi. Humo ndani kulikuwa na MUHURI na Haki Africa, mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa. Pwani nzima walijulikana kwa kuuliza juu ya watu waliouawa au kupotezwa wakiwa mikononi mwa vyombo vya usalama.

17/
Akaunti zao za benki zikafungwa. Maofisa wa ushuru wakaingia ofisini wakaondoka na kompyuta na faili. Wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Juni 2015 mahakama ikasema hakuna ushahidi wa kuwahusisha na ugaidi. Lakini akaunti zilifunguliwa kwa amri ya mahakama Novemba. Kutoka Aprili hadi Novemba ni miezi saba. Ndugu yangu, wewe mwenyewe ukifungiwa akaunti miezi saba utakuwa bado kwenye nyumba ileile?

18/
Hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Dharura ya namna hii haihitaji hema wala blanketi. Inahitaji wakili leo, na pesa isiyopita kwenye akaunti iliyofungwa. Ndiyo maana kuna mifuko maalumu: kuna muungano wa kitaifa wa kuwalinda watetezi hapa Kenya ulioanzishwa 2007, unaoitwa sasa Defenders Coalition, kuna DefendDefenders ya Kampala, toka 2005, ya Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, kuna Lifeline ya kimataifa, toka 2011, ya mashirika yenyewe yanapovamiwa. Kazi yao ni kuchunguza kama tishio ni la kweli, kisha kutoa kiasi kidogo haraka.

19/
Halafu kuna upande wa sheria. Mwishoni mwa 2013 Bunge lilipelekewa pendekezo kwamba shirika lisipokee zaidi ya asilimia 15 ya pesa zake kutoka nje. Wabunge walilikataa Desemba. Sheria yenyewe ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilisainiwa Januari 2013, lakini ilianza kutumika Mei 2024. Miaka 11 sheria iko kwenye rafu, hata mahakama iliposema itekelezwe. Katika muda huo kila kikundi kilikuwa kikiishi kwa kubahatisha: leo umesajiliwa, kesho unasikia kwenye redio usajili umefutwa.

20/
Sasa langu. Baada ya 2013 vijana wa Kipokomo na wa Kiorma tulianzisha kikundi. Jina silitaji, kina watu bado wako kazini. Kazi ilikuwa moja: kuandika. Tulikwenda kijiji kwa kijiji, manyatta kwa manyatta, tukaandika malka zote na makubaliano yake. Upana wa njia, mwezi wa kufunguliwa, fidia ya ng'ombe akila mahindi, fidia ya ng'ombe akipigwa mkuki. Chini wazee wa pande zote mbili wanaweka dole gumba. Tulijaza madaftari tisa. Chumba chetu Garsen kilikuwa cha shilingi elfu nne kwa mwezi.

21/
Mwaka 2021 tuliandika juu ya malka moja iliyozungushiwa ua. Ua haukuwa wa mkulima wala mfugaji, ulikuwa wa mtu mwenye uwezo. Tukapeleka barua kwa ofisi inayohusika. Wiki ile ile simu zikaanza usiku: "Wewe ndio unaandikaandika? Mto una mamba, unajua." Halafu mtu akawa anasimama na pikipiki nje ya kwetu, hasemi kitu. Nilikwenda kuripoti, nikaambiwa nikae chini ya maji nisitafute umaarufu. Mama akasema basi, ondoka.

22/
Mfuko mmoja wa dharura ulinichukua. Walipiga simu kwa watu wanne kuhakikisha sisemi uongo, na siku ya tano nilikuwa Mombasa. Walilipa chumba miezi mitatu, simu mpya, chakula, hata mshauri wa kuzungumza naye kwa sababu nilikuwa silali. Nitawashukuru mpaka nife. Mtu anayesema hizi pesa ni za starehe hajawahi kulala akisikiliza pikipiki.

23/
Lakini niliwaomba kitu kimoja zaidi: kodi ya ofisi ya miezi hiyo mitatu. Shilingi elfu kumi na mbili jumla. Chumba changu Mombasa kilizidi hiyo kwa mwezi mmoja tu. Yule dada wa kwenye simu alikuwa mpole, alisikitika kweli. Kanuni zao zilisema pesa ni ya mtu aliye hatarini, si ya uendeshaji. Mfadhili wetu wa kawaida naye alisema mradi umeisha Juni, tuandike pendekezo jipya, na mwaka ule mada yake ilikuwa nyingine. Wenzangu walichanga wakashindwa. Mwenye nyumba, ambaye simlaumu, akatoa vitu nje.

24/
Niliporudi nilikuta madaftari matatu. Sita yaliloa mvua, mengine yalifungiwa mandazi. Mwaka 2022 ukawa ule mwaka wa ukame, mvua zilikuwa zimekosekana misimu kadhaa mfululizo, mifugo ikateremka mingi kuliko kawaida. Mahali pamoja mkulima akasema njia ni upana huu, mfugaji akasema ni upana ule. Wote wawili waliamini wanasema kweli. Mmoja wa wazee waliokuwa wameweka dole gumba alikuwa amekufa, na daftari lake lilikuwa katika yale sita. Kijana mmoja alikatwa panga mkono, ng'ombe watatu wakauawa. Wazee walizima moto kabla haujawa 2012. Yule kijana nasoma naye msikiti na kanisa tofauti, lakini soko ni moja. Kila nikimwona mkono ule nakumbuka elfu kumi na mbili.

25/
Kwa hivyo mkisikia hoja hizi kwenye mijadala, zipimeni hivi.
"Pesa ya nje ni ya vibaraka." Skimu ya umwagiliaji ya Bura hapa kwetu ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia toka miaka ya 1970, na hakuna aliyeiita pamba kibaraka. Swali zuri ni kama hesabu ziko wazi na nani anachagua kazi. Na hapo wanaotukosoa wana ukweli wao: anayelipa ndiye anayechagua mada. Mwaka huu ni amani, mwaka ujao ni tabianchi, mwingine ni vijana na uchaguzi. Sisi ni walewale na malka ni ileile.

26/
"Mbona wasijitegemee?" Tunajaribu. Lakini Garsen ni mji mdogo. Mfanyabiashara akikuchangia wazi, kesho anaulizwa mbona anafadhili wachochezi. Na yule asiyeogopa kuulizwa, mara nyingi anataka kikundi kiwe chake uchaguzi ukifika. Tumekataa pesa kama hiyo mara mbili, na mara zote mbili tulilala njaa.
"Wengi ni matapeli wa mkoba." Wako. Nimemjua mtu aliyejitumia ujumbe wa vitisho ili apelekwe nje. Ndiyo maana uchunguzi wa simu nne ni mzuri, na ndiyo maana daftari la hesabu liwe wazi hata kwa chifu.

27/
"Serikali ipo, vikundi ni vya nini?" Serikali ipo, na tunaitaka. Lakini ofisa anahamishwa kila baada ya miaka michache, na anayekuja anaanza kuuliza malka ni nini. Wale askari 9 wa Kilelengwani nao walikuwa serikali. Walikufa katika vita ambavyo makubaliano ya zamani yangeweza kuvizuia. Kikundi kinachokumbuka makubaliano kinamlinda hata polisi.

28/
Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Kwa siku chache tu mashirika mengi nchini yalipunguza watu au kufunga. Wengine mitandaoni walishangilia. Nawaelewa hasira yao na semina za hotelini. Ila ona kilichokatika kwa pamoja: anayelipa wakili ukikamatwa, na anayelipa kodi ili usisahaulike. Aliyekuwa na mguu mmoja nje ameachwa bila mguu. Somo si kwamba tuwalilie tena wale wale. Somo ni kwamba kitu muhimu hivi hakifai kutegemea mfuko wa mtu mmoja wa mbali.

29/
Akija mgombea kwenu, wa upande wowote, muulizeni matatu. Moja: kamati ya amani ya hapa ina bajeti ya kaunti mwaka ambao hakuna vita? Mbili: akaunti ya kikundi ikifungwa kimakosa, itachukua siku ngapi kufunguliwa? Tatu: mtu akitishwa kwa kuandika ukweli, atapokelewa kituoni au ataambiwa akae chini ya maji? Na wafadhili wanaosoma hapa, kuna la kwenu pia: mkimtoa mtu, lipeni na kodi ya alichokiacha. Ni senti ndogo kuliko chumba chake.

30/
Tuko wapi sasa? Tumeanza kuandika upya. Kila daftari lina nakala tatu: moja kwa mzee wa Gasa, moja kwa mzee wa Matadheda, moja kwa mwalimu mstaafu. Tunachanga mia mbili mia mbili kila mwezi, chumba tumepata cha elfu tatu, kinavuja kidogo upande wa mlango. Malka tulizorudisha kwenye karatasi ni kumi na moja. Zilizobaki ni nyingi na wazee wanaozikumbuka wanapungua.

Nimemaliza. Swali karibu, kukosoa karibu, jina la mwanasiasa nitafuta.